Ubingwa wa Afya ya Jamii Marekani: Je, Shahada ya Uzamili Haitoshi?

Swali: Mimi ni daktari niliyemaliza utarajali. Nasikia Marekani daktari anaweza kusomea ubingwa wa afya ya jamii na tiba kinga. Una tofauti gani na shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na je, nitaacha kuona wagonjwa?

Jibu: Daktari mwenzangu, masomo ya shahada unayoitaja yamo ndani ya ubingwa huo, lakini peke yake hayakufanyi kuwa bingwa. Mafunzo huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni wa kuhudumia wagonjwa, kama ilivyo kwa daktari mwingine anayeanza ubingwa, na miwili inayofuata huchanganya masomo ya epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii), takwimu, sera na afya ya mazingira na kazi inayosimamiwa na mabingwa, ikiwemo ya idara za afya za serikali. Anayehitimu hufanya mtihani wa American Board of Preventive Medicine, bodi iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo pia husimamia ubingwa wa afya kazini na wa tiba ya anga.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, iko katika kuamua. Tuseme watu waliohudhuria karamu moja wameanza kuharisha. Darasani utapewa jedwali la wagonjwa lililokwisha kuondolewa makosa, ukokotoe hatari ya kila chakula. Kwenye idara ya afya jedwali hilo unalijaza mwenyewe, ukiwapigia simu watu wasiokumbuka kama walikula kachumbari, na kabla ya hapo lazima uweke vigezo vya nani ahesabiwe mgonjwa. Ukimhesabu kila aliyeharisha wiki hiyo, utawaingiza wasiohusika na uhusiano na chakula chenye vimelea utafifia. Ukiwahesabu waliothibitishwa na maabara peke yao, utabaki na wachache mno, kwa kuwa wengi hupona bila kupeleka choo kupimwa. Wakati huohuo mwenye jiko lililopika chakula cha karamu anauliza kama afunge leo, na majibu ya maabara hayajatoka. Mkufunzi hatakuuliza kanuni ya hesabu. Atakuuliza unapendekeza nini, kwa ushahidi upi, na utamwelezaje mwenye jiko.

Kuhusu wagonjwa, hutawaacha, kwa sababu programu hutakiwa kukupa huduma ya moja kwa moja kwa wagonjwa hata katika miaka miwili ya mwisho, kwa mfano katika kliniki za kifua kikuu, magonjwa ya zinaa au chanjo za wasafiri. Hata hivyo, kama raha yako ni chumba cha upasuaji, ubingwa huu hautakufaa.

Kwa aliyesomea udaktari nje ya Marekani, kwa kawaida cheti cha ECFMG, shirika la Marekani linalohakiki madaktari waliosomea nchi nyingine, kinahitajika kabla ya kuanza, na utarajali uliofanyika nje ya programu zinazotambuliwa huko kwa kawaida hauhesabiwi kuwa mwaka wa kwanza. Jambo lingine ni fedha. Ubingwa mwingi nchini humo hugharimiwa kupitia malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kwa hospitali, ilhali wanafunzi wa tiba kinga hutumia muda mwingi nje ya hospitali, hivyo programu zao nyingi hutegemea ruzuku na wafadhili wengine. Kabla ya kutuma maombi, uliza nani analipa mshahara, nani analipa ada ya shahada ya uzamili, na kama fedha hizo zimehakikishwa hadi mwaka wa mwisho.