Binti yetu ana G1: barabara gani, abiria gani, na kozi inafaa?

SWALI: Tunaishi Kitchener, katika jimbo la Ontario, Kanada. Binti yetu ana miaka 16 na alipata leseni ya G1, yaani ile ya kujifunzia ya ngazi ya kwanza, mwezi wa Aprili. Mimi nina leseni kamili ya hapa, nimeendesha kwa miaka tisa, na ndiye ninayeketi pembeni yake anapofanya mazoezi. Je, ninaweza kumpitisha Conestoga Parkway, ambayo ndiyo njia yetu ya kila siku? Je, ni kweli kwamba kozi ya udereva inapunguza muda wa kungoja, na inafaa kuilipia? Na akishapata G2, leseni ya ngazi ya pili, ataruhusiwa kuwarudisha nyumbani wadogo zake, binamu yake na wenzake wa kwaya tunapotoka kwenye mkesha baada ya saa sita usiku?

JIBU: Swali lako la kwanza, ndugu mzazi, lina jibu fupi: hapana. Mwenye G1 haruhusiwi kuendesha katika barabara kuu za mfululizo wa 400 (zile zenye namba za mia nne na kitu) wala katika njia nyingine za mwendo kasi, na mwongozo rasmi wa madereva wa Ontario unaitaja Conestoga Parkway kwa jina, sambamba na Queen Elizabeth Way, Don Valley Parkway, Gardiner Expressway na E.C. Row Expressway ya Windsor. Miaka yako tisa haiondoi katazo hilo. Anayeweza kumpitisha humo ni mwalimu wa udereva mwenye leseni ya kufundishia ya Ontario, na hata mimi ninayefanya kazi hiyo simpeleki mwanafunzi katika njia hizo kabla hajaweza kubadilisha mstari bila kuyumbisha usukani. Kwa sasa King Street na Victoria Street zina taa, mabasi na waenda kwa miguu wa kutosha kumfundisha.

Masharti mengine ya G1 bila shaka unayajua: asiendeshe kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, asiwe na pombe hata kidogo mwilini, abiria wasizidi mikanda iliyomo garini, na kiti cha mbele akae msimamizi peke yake, mwenye leseni kamili na uzoefu wa miaka minne au zaidi. Linalosahauliwa na wazazi wengi ni kwamba msimamizi naye anabanwa: kiwango chako cha pombe kwenye damu lazima kiwe chini ya asilimia 0.05. Mzazi aliyekunywa harusini hawezi kumpa mtoto mwenye G1 usukani akidhani kwamba, kwa kuwa haendeshi yeye, sheria haimhusu.

Kabla ya kufika kwenye mkesha, yafaa kueleza mantiki ya mfumo huu, kwa sababu wengi wetu tuliojifunzia nyumbani Afrika Mashariki tulipitia njia tofauti: shule ya udereva, leseni ya kujifunzia, kibao cha L, mtihani mbele ya trafiki, kisha leseni iliyotufungulia kila barabara na kila saa kwa mara moja. Leseni za ngazi zimejengwa juu ya dhana kwamba mtihani unapima kama mtu anaweza kuliongoza gari, lakini haupimi atafanya nini usiku wa manane akiwa na vijana wenzake wanaocheka nyuma. New Zealand ilianzisha mfumo kamili wa namna hii mwaka 1987, na Ontario ikafuata tarehe 1 Aprili 1994. Hatari zile zile zinazoua madereva wachanga, yaani usiku, mwendo mkubwa, pombe na kundi la marafiki, ndizo zinazocheleweshwa, na kila ngazi inafungua baadhi yake.

Sasa mkesha. Mwenye G2 anaendesha peke yake, saa yoyote, katika barabara yoyote ya jimbo, pombe ikibaki sifuri. Hata hivyo, akiwa na miaka 19 au chini ya hapo, kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri kuna kikomo cha abiria vijana: katika miezi sita ya kwanza ya G2 anaruhusiwa abiria mmoja tu mwenye umri wa miaka 19 au chini yake, na baada ya miezi hiyo anaruhusiwa hadi watatu, mpaka apate leseni kamili ya G au atimize miaka 20. Mtu mzima wa miaka 40 hahesabiwi katika kikomo hiki. Kikomo hakitumiki pia ikiwa abiria ni wa familia yake ya karibu, kwa hiyo akiwa na wadogo zake pekee hana tatizo.

Kuhusu binamu, nakushauri umhesabu kama abiria wa kawaida. Kwetu mtoto wa mjomba ni ndugu, na hatuna haja ya kueleza zaidi, lakini msipange safari kwa kutegemea kwamba askari atakayewasimamisha saa saba usiku atalipa neno familia upana uleule tunaolipa sisi. Wanakwaya wawili katika miezi hiyo ya mwanzo tayari ni kosa. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni wewe mwenyewe kuketi kiti cha mbele: akiwa na msimamizi mwenye leseni kamili na uzoefu wa miaka minne pembeni yake, kikomo kinaondoka, na mnaweza kubeba kwaya mradi kila mmoja awe na mkanda wake.

Akikiuka masharti haya na kutiwa hatiani, leseni husimamishwa siku 30 kwa kosa la kwanza na siku 90 kwa la pili; la tatu huifuta kabisa, naye huanza upya kwenye mtihani wa maandishi kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Niongeze maoni yangu hapa, kwa maana sheria ina pengo. Saa tano na nusu usiku binti yako anaweza kuwabeba wanakwaya wanne kihalali, ilhali nusu saa baadaye ni kosa, na gari, barabara na umri wake havijabadilika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba hatari ya dereva wa miaka 16 kufa katika ajali ilikuwa karibu mara tatu alipobeba abiria watatu au zaidi, ikilinganishwa na alipokuwa peke yake. Ndiyo maana nawaambia wazazi waweke kikomo cha abiria mmoja mchana na usiku kwa miezi sita ya kwanza, ingawa hakuna askari atakayewadai hilo.

Kuhusu kozi, ni kweli: muda wa chini wa G1 ni miezi 12, na hupungua kuwa miezi 8 kwa aliyemaliza kozi katika shule iliyoidhinishwa na Wizara ya Uchukuzi ya Ontario. Hakikisheni shule imo katika orodha ya serikali kabla ya kulipa, kwa sababu masomo ya mwalimu mzuri asiye na idhini hayapunguzi hata siku moja. Kozi ina saa zisizopungua 40, zikiwemo 20 za darasani na 10 za barabarani.

Ilipieni kwa ajili ya zile saa 10, lakini msiikimbilie ile miezi minne. Binti yako alianza Aprili. Miezi minane itamfikisha Desemba, atafanya mtihani huku theluji ikianza, na majira yake ya kwanza ya barafu atayaendesha bila mtu pembeni. Akingoja hadi Aprili atakuwa amepita Januari na Februari nawe ukiwepo, amelisikia gari likiteleza katika maegesho matupu na kujifunza kuachia breki badala ya kuikandamiza. Muda wa kungoja hautamwishia, kwa kuwa ana miaka mitano tangu siku ya G1 kukamilisha ngazi zote, na G2 yenyewe inadai miezi 12 isiyopunguzwa na kozi yoyote kabla ya mtihani wa mwisho, ambao ndio unaomtaka aonyeshe kwamba anaimudu barabara kuu.

Siku atakapopata G2, mjulisheni wakala wa bima kabla hajatoka na gari peke yake. Malipo yatapanda, na kuficha dereva mpya wa nyumbani kunaweza kuwafanya mkataliwe madai yenu ajali ikitokea.