Kumtafuta Babu wa Virginia ya Miaka ya 1600: Fuata Kodi, Shamba na Kesi

Wengi mnaoanza kazi hii mnakuja na jina moja tu. Kuna aliyeoa au kuolewa Marekani na sasa watoto wanauliza habari za mababu wa upande wa pili. Kuna mwanafunzi wa historia, na kuna aliyepata kibarua cha mtandaoni cha kusoma nyaraka za zamani. Unaliandika lile jina kwenye tovuti ya nasaba, wanatokea watu mia wenye jina hilohilo, na mmoja wao tayari ameshapachikwa kwenye mti wa ukoo na mtu ambaye hajawahi kufungua daftari hata moja. Huyo achana naye kwanza.

Kwa Virginia na Maryland za karne ya 17, zilipokuwa makoloni ya Waingereza huko Amerika, cheti cha kuzaliwa hakipo. Sensa ya taifa ilianza 1790. Vitabu vya ubatizo vya parokia nyingi vimepotea. Kilichobaki, pale kilipobaki, ni karatasi za ardhi na za mahakama, na hizo hazikuandikwa ili wewe umjue babu yako. Karani aliandika kwa sababu kulikuwa na kodi ya kukusanya, deni la kudai, shamba la kupimwa au ugomvi wa kuamuliwa. Kwa hiyo kila ukishika karatasi, jiulize: iliandikwa kwa shida ya nani, na ni sheria gani iliyomfanya mtu aende mbele ya karani siku ile? Ukipata jibu la hapo, mistari mitatu inaweza kukupa habari za familia nzima.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu wote ni wa Anthony Johnson. Alikuwa Mwafrika, akafika Virginia akiwa mtumwa au mtumishi, akaja kuwa huru, mwenye shamba, ng'ombe na watumishi wake mwenyewe kwenye rasi ambayo watu wa huko huiita Eastern Shore, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Hakuacha barua wala shajara. Karibu yote tunayoyajua kuhusu nyumba yake yametoka kwenye ardhi na mahakama, ndiyo maana anafaa kujifunzia.

Anza na orodha ya wakazi wa koloni ya mwaka 1625. Kwenye shamba la Edward Bennett ameandikwa Mwafrika anayeitwa Antonio, aliyekuja kwa meli James mwaka 1621, na mwanamke Mwafrika anayeitwa Mary, aliyekuja kwa Margaret and John mwaka 1622. Jina la ukoo halipo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni mume na mke. Mtu mwenye haraka atasema, "Huyu ndiye Anthony Johnson," halafu aende zake. Wewe uliza: anajuaje?

Jibu linatokea karibu miaka thelathini baadaye, na linatokea kwa sababu ya moto. Anthony na Mary Johnson waliunguliwa na mali, wakaenda mahakama ya kaunti ya Northampton kuomba msaada. Mahakama ikaamua kwamba Mary na binti zao wawili wasamehewe kodi ya kaunti maisha yao yote, na karani akaeleza sababu: watu hawa wamekaa Virginia zaidi ya miaka thelathini na wanajulikana kwa kazi yao ngumu. Piga hesabu. Uamuzi ni wa Februari 1653. Ukitoa miaka thelathini na ziada unarudi hadi 1622 au nyuma kidogo, palepale walipofika Antonio na Mary wa orodha ile. Majina ya mume na mke yanalingana, muda unalingana. Hiyo bado si hati ya ndoa, na kwenye maandishi yako utaandika "inaelekea sana" badala ya "ni". Lakini ni hoja inayosimama, na imejengwa kwa karatasi ya kodi.

Tusiiache haraka karatasi hiyo. Kwa nini wasamehewe wanawake, mume asitajwe? Hapo ndipo sheria inapokusaidia. Kodi ya koloni ilihesabiwa kwa vichwa: wanaume wote kuanzia miaka 16. Wanawake wa Kiingereza kwa kawaida hawakuhesabiwa. Mwaka 1643 baraza la Virginia liliamua kwamba wanawake Waafrika wa miaka 16 na kuendelea wahesabiwe pia. Nyumba ya Johnson ilikuwa inabeba mzigo ambao jirani yake Mwingereza hakuujua, na msamaha ule ulikuwa fedha halisi, yaani tumbaku halisi, maana ndiyo iliyolipwa. Kwa mtafiti wa nasaba kuna faida nyingine: mabinti wawili ambao hawakutajwa popote kabla ya hapo sasa wapo, tena walikuwa wamefikia umri wa kodi au wako njiani kuufikia.

Angalieni pia tarehe. Kwenye daftari lenyewe mwaka huo umeandikwa 1652. Hadi mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa kwenye mwaka uliotangulia. Mtu aliyefunga ndoa Aprili 1652 na kupata mtoto Februari 1652 hakuvunja adabu yoyote. Mtoto alikuja miezi kumi baada ya harusi. Nukuu tarehe kama ilivyo, halafu andika miaka yote miwili: 1652/53. Ukisahihisha kimyakimya, anayekufuata atasahihisha tena, na mwaka mzima utapotea kati yenu.

Sasa shamba. Virginia ilimpa ekari 50 kila aliyelipia nauli ya mtu mmoja kuja kwenye koloni. Mwaka 1651 Anthony Johnson alipata hati ya ekari 250, yaani vichwa vitano, na vimetajwa kwa majina: Thomas Bemrose, Peter Bughby, Antony Cripps, John Gesorroro na Richard Johnson. Wageni wa kazi hii huanguka hapa kila mara. Wanasema hawa watano walikuwa watumishi wake, na walifika mwaka 1651. Hati haisemi hivyo. Haki ya ekari 50 iliuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine, ilikaa miaka kabla ya kutumika, na kichwa kimoja kiliweza kudaiwa na watu wawili. Tarehe ya hati inakuambia tu kwamba mtu huyo alifika kabla ya siku ile. Halafu tazama jina la mwisho kwenye orodha: Anthony alikuwa na mtoto wa kiume anayeitwa Richard. Je, ndiye yeye? Andika swali hilo pembeni, usilifute mpaka upate ushahidi.

Chora shamba. Nasema kweli, chukua karatasi na rula. Mipaka ya siku zile ilielezwa kwa mti uliotiwa alama, kijito, upande wa dira na umbali kwa fimbo ya mpimaji yenye futi 16 na nusu, kama mita tano. Fimbo 320 ni maili moja. Ukishachora shamba la babu na mashamba yanayopakana nalo, utajua nani waliishi jirani naye, na majirani hao ndio utakaowakuta wakiwa mashahidi, wadhamini, wakwe na maadui zake. Babu asipoonekana kwenye faharasa, tafuta jirani. Faharasa za zamani mara nyingi zilichukua majina ya mdai na mdaiwa tu, shahidi zikamwacha.

Jirani mmoja wa Johnson, Robert Parker, ndiye aliyetuachia ukurasa wenye mengi kuliko yote. Mtumishi Mwafrika wa Johnson, John Casor, alidai kwamba alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane na muda wake umekwisha zamani. Johnson alisema ni wake maisha. Casor akahamia kwa Parker. Machi 1655 mahakama ya Northampton iliamua Casor arudishwe kwa Johnson. Kesi hiyo inajulikana kwa habari za utumwa, na ni haki yake, maana mtu alihukumiwa utumwa wa maisha bila kosa lolote. Lakini wewe mtafuta ukoo soma maelezo yaliyoandikwa kabla ya hukumu. Humo kuna shahidi aliyekwenda nyumbani kwa Johnson kuchukua pipa la tumbaku akamkuta Casor akilalamika. Na humo imeandikwa kwamba mke wa Anthony, mkwewe na watoto wake wawili wa kiume ndio waliomshawishi amwachie Casor. Mke, mkwe, wana wawili, wote wazima na wote wenye kauli nyumbani! Hakuna hati ya mirathi iliyotupa orodha hiyo. Imetoka kwenye ugomvi juu ya mtu mwingine kabisa.

Tahadhari moja juu ya huyo mkwe. Kiingereza cha enzi zile kilitumia neno hilohilo, son-in-law, kwa mume wa binti na kwa mtoto wa kambo. Vilevile neno la binamu liliweza kumaanisha mpwa, na "mkubwa" na "mdogo" baada ya jina yaliweza kuwatenganisha watu wawili wa kijiji kimoja wasio na undugu wowote. Yatima naye alikuwa mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama yu hai jikoni. Usimzike mama wa watu kwa sababu ya neno moja.

Mipaka ya kaunti ilihama huku nyumba zimesimama palepale. Rasi ile ilikuwa kaunti ya Accomack mwaka 1634, ikaitwa Northampton mwaka 1643, na mwaka 1663 ikagawanywa, upande wa kaskazini ukachukua tena jina la Accomack. Shamba la Johnson karibu na mto Pungoteague liliangukia upande huo. Anayetafuta kwenye kaunti moja tu atadhani watu wamekufa au wamehama.

Kweli Johnson walihama, ila ni miaka ya 1660, kwenda Somerset, Maryland, walikokodi ekari 300. Maryland ina zawadi ambayo Virginia haina: kila shamba lilipewa jina, na jina lilibaki hata mwenye shamba alipobadilika. Hilo la Johnson liliitwa Tonies Vineyard. Mwaka 1677 mjukuu wao John alinunua ekari 44 akaziita Angola. Ukiwa Maryland, tafuta jina la shamba kabla ya jina la mtu. Kuna akina John Johnson wangapi? Angola ni moja.

Anthony alifariki kabla ya Agosti 1670. Mwezi huo baraza la wazee wa mahakama huko Virginia lilikaa kuamua habari za ardhi aliyokuwa nayo, likasema inaweza kuchukuliwa na serikali kwa sababu alikuwa Mwafrika na kwa hiyo mgeni. Alikuwa amekaa pale miaka arobaini na zaidi. Ukisoma karatasi za namna hiyo usiziruke kwa uchungu, zina kazi: zinatuonyesha kwa nini shamba lilitoka kwenye ukoo bila hati ya mauzo. Mtafiti asiyeijua ataendelea kutafuta mauzo ambayo hayakuwahi kuwapo.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anauza shamba na hakuna mahali alipolinunua. Hapo fikiria urithi. Virginia iliendelea hadi 1785 na sheria ya kumpa mwana wa kwanza ardhi yote ya baba aliyekufa bila wasia. Mwana huyo anaweza kukosekana hata kwenye wasia ulioandikwa, kwa kuwa alishapewa chake mapema. Kutotajwa si dalili kwamba hakuwa mtoto. Mwangalie pia mke: mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi maisha yake yote, kwa hiyo wanunuzi makini walitaka mke akiri mahakamani kwamba anaiachilia. Mwanamke ambaye hana jina popote pengine jina lake liko hapo, mstari wa mwisho wa hati ya mauzo.

Kuhusu mahali pa kupata: picha za hati za ardhi za Virginia ziko kwenye tovuti ya Library of Virginia, bila malipo. Za Maryland ziko kwa Maryland State Archives. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch nayo ina picha za madaftari mengi ya kaunti, na siku hizi ina utafutaji unaosoma mwandiko wa mkono kwa mashine. Utumie, lakini mashine inakosea mwandiko wa karne ya 17 vibaya sana. Tafuta kwa jina la jirani, la kijito, la shamba, halafu soma picha kwa macho yako. Muhtasari wa mtu mwingine unakuonyesha ukurasa tu. Mashahidi, alama ya mkono ya asiyejua kuandika, na maneno ya pembeni huachwa mara nyingi, na alama hiyo ndiyo huwatenganisha watu wawili wenye jina moja.

Kaunti nyingine ziliungua. Moto wa Richmond, mji mkuu wa Virginia, wa Aprili 1865 ulimaliza kumbukumbu za mahakama kuu ya koloni na za kaunti kadhaa zilizokuwa zimepelekwa mjini zihifadhiwe. Ukiangukia kaunti hiyo, usifunge faili. Hati za ardhi zilitunzwa na koloni kwenye vitabu tofauti na zimesalimika kwa wingi. Jirani wa babu huenda alikuwa na shamba kaunti ya pili ambako madaftari yapo. Kesi zilizokatiwa rufaa zilibeba nakala za hati za zamani. Northampton yenyewe ina bahati: madaftari yake yameanza 1632 na hayakukatika, na asili zake ziko kwa karani wa mahakama pale Eastville. Kama babu yako aliishi rasi ile, anza na hayo, ukurasa kwa ukurasa, mwaka aliotajwa na miaka miwili kila upande, kabla hujafungua mti wa ukoo wa mtu yeyote.