Maswali ya Wasomaji: Madirisha Mawili kwenye Kioo Kimoja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Kila mwisho wa muhula walimu wenzangu huniletea karatasi za alama zilizoskaniwa na kuwa faili za PDF, nami huziingiza katika jedwali la Excel. Hufungua karatasi, nikakariri alama mbili tatu, kisha nikarudi kwenye jedwali, na mara nyingi huruka mstari, mwanafunzi mmoja akapata alama za jirani yake. Nimesikia kuwa inawezekana kuviona vyote viwili kwa pamoja. Je, nilazimike kununua kioo cha pili? Kompyuta yangu ni ya mpakato, inatumia Windows 10, na kioo chake ni kidogo.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, kwa kazi uliyoieleza huhitaji kioo cha pili, kwa sababu Windows imekuwa na uwezo wa kupanga madirisha ubavu kwa ubavu kwa njia rahisi tangu toleo la 7 lililotoka mwaka 2009, na toleo la 10 ulilo nalo liliuongezea uwezo huo mambo kadhaa ya manufaa. Fungua kwanza karatasi ya alama na jedwali lako. Ukiwa kwenye jedwali, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, kilicho upande wa kushoto chini ya kibodi, kisha ubonyeze mshale wa kulia. Jedwali litakaa katika nusu ya kulia ya kioo, na katika nusu iliyobaki utaonyeshwa vijipicha vya madirisha mengine uliyoyafungua ili uchague litakalokaa hapo. Bofya kile cha karatasi ya alama. Unaweza pia kulishika dirisha kwenye ukanda wake wa juu na kuliburuta hadi mshale wa kipanya uguse ukingo wa kioo, ingawa kwa anayetumia kibao cha mguso cha kompyuta ya mpakato ninapendekeza kibodi, kwa kuwa kidole kikiinuka kabla ya wakati dirisha huishia katikati ya kioo.

Hapo ndipo maelezo mengi yanapokomea, na ndipo mtu mwenye kioo kidogo anapokata tamaa. Kompyuta nyingi za mpakato za bei nafuu zina kioo chenye upana wa pikseli 1366, maana yake kila nusu hupata 683 tu, na jedwali lenye masomo tisa haliwezi kuenea humo. Usiukubali mgawo wa nusu kwa nusu kana kwamba ni sheria. Peleka kipanya kwenye mpaka wa madirisha hayo mawili hadi kigeuke mshale wenye ncha mbili, kisha uusogeze mpaka huo upendavyo. Dirisha moja likipanuka, jingine litapungua lenyewe. Ndani ya Excel, bonyeza Ctrl pamoja na F1 ili ule utepe mpana wa vitufe vya juu ujifiche, nawe utapata mistari kadhaa zaidi ya wanafunzi. Kisha nenda kwenye menyu ya View, uchague Freeze Panes, na humo uchague safuwima ya kwanza, ili majina yabaki mahali pake hata unaposogea kulia kwenye somo la Kemia au la Uraia. Bila hatua hii ya mwisho, utayaona madirisha mawili kwa pamoja na bado utampa mtu alama zisizo zake.

Jambo jingine litakalokuokolea muda ni gurudumu la kipanya. Katika Windows 10, kwa mpangilio wa kawaida, gurudumu husogeza dirisha ambalo mshale umesimama juu yake, hata kama dirisha unaloandikia ni jingine. Kwa hiyo acha mshale juu ya karatasi ya alama, endelea kuchapa tarakimu katika jedwali, na uisogeze karatasi kidogo kidogo ili mstari unaousoma ukae karibu na kimo kile kile cha mstari unaoujaza. Jicho likisafiri kwa mlalo hukosea mara chache kuliko likipanda na kushuka.

Windows 10 inaruhusu pia madirisha manne, moja katika kila pembe, lakini kwa kioo chako huo ni msongamano usio na faida. Kuweka ubavu kwa ubavu kunafaa vitu viwili vinavyosomwa pamoja; barua pepe na WhatsApp havimo. Hivyo vipelekwe kwenye eneokazi la pili, yaani uwanja mwingine mtupu wa kufungulia madirisha, linalofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na herufi D kwa wakati mmoja, nawe utahamia huko na kurudi kwa kitufe cha Windows, Ctrl na mishale. Inafurahisha kukumbuka kuwa toleo la kwanza kabisa la Windows, la mwaka 1985, liliyapanga madirisha ya programu ubavu kwa ubavu tu bila kuyaruhusu kulaliana. Ruhusa hiyo ilikuja na toleo la pili mwaka 1987, na leo tunajifunza upya kuyatenganisha.

Iwapo mishale haitafanya kazi, fungua Settings, kisha System, kisha Multitasking, na uhakikishe kwamba Snap windows imewashwa.

SWALI: Ninaandika tasnifu katika Word kwenye Windows 11. Nataka kuitazama sura ya pili huku nikiandika ya nne, na zote zimo katika faili moja. Je, nitengeneze nakala?
Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa

JIBU: Hapana, usitengeneze nakala, kwa sababu baada ya wiki chache hutajua ipi ndiyo yenye masahihisho ya mwisho. Katika menyu ya View chagua New Window, na faili hiyo hiyo itafunguka katika dirisha la pili. Lolote utakaloandika katika moja litaonekana katika jingine papo hapo, kwa kuwa waraka ni mmoja. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi Z, na mfumo utakuletea michoro ya mipangilio ya kuchagua. Mipangilio ya madirisha matatu yaliyosimama sambamba huonekana kwenye vioo vipana tu, kwa hiyo usidhani kompyuta yako ina hitilafu usipoiona. Ukifungua programu nyingine juu ya madirisha hayo mawili, peleka kipanya kwenye alama ya Word katika upau wa chini, nawe utaona kundi lao likiwa pamoja; ukilibofya, yatarudi yote kwa mpangilio ule ule.