Nikipotea kiwanjani kabla ya kuruka, nifanyeje?

SWALI: Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni kijana wa Wete. Nimerusha Cessna Caravan baina ya Pemba, Unguja na Dar es Salaam, na sasa nimepata kazi ya rubani msaidizi kwenye jeti. Safari yangu ya mwanzo ni Johannesburg. Kuruka na kutua hakunitii hofu. Ninachohofia ni pale chini: kiwanja kikubwa, viungio (vile vinjia vya ndege kutembea baina ya maegesho na njia ya kurukia) vimejaa ramani nzima, na naona haya kumuuliza muongoza ndege kila kona. Wewe umekaa mnarani miaka mingi. Vipi nisipotee, na nikipotea nifanyeje?
Rubani wa Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nimefurahi kuwa hofu yako umeiweka pahala pake, maana wengi wanaotoka kwenye viwanja vyetu huiweka angani. Pemba kuna njia moja tu ya kurukia, 03 upande mmoja na 21 upande wa pili. Unatoka kwenye maegesho, unaingia njiani, unarudi nayo mpaka mwisho, unageuza, unaondoka. Unguja nako njia ni moja, 18 na 36. Johannesburg utazikuta namba zile zile za Pemba, 03 na 21, lakini njia ni mbili zilizo sambamba, ya kushoto na ya kulia, na viungio vya kukufikisha huko ni vingi. Kuitafuta njia ya kurukia ni kazi ambayo jicho lako halijaizoea, na lazima ulizoeshe kabla hujafunga mkanda.

Anza siku moja kabla. Chukua ramani ya kiwanja na penseli. Tazama mtaegesha wapi, kisha fuatisha kwa penseli njia mbili tatu ambazo mnaweza kupewa. Utaona viduara vilivyoandikwa HS na namba: hizo ni sehemu ambazo marubani huteleza, na wenye kiwanja wameziweka wazi ili wewe usiteleze. Soma na notamu zote, yaani matangazo ya mabadiliko ya kiwanja kwa marubani, khasa za kiungio kilichofungwa au taa zisizowaka. Ramani nzuri isiyolingana na ardhi ya siku ile itakupoteza kuliko kutokuwa na ramani.

Maelekezo yakija kwa redio, yaandike. Muongoza ndege wa kiwanja kikubwa husema haraka, na herufi za viungio zikifika nne tano kichwa hudondosha moja. Yarudie kama ulivyoyaandika, khasa neno la kusimama kabla ya njia ya kurukia. Halafu, kabla breki hazijaachiwa, mwoneshe rubani mkuu kwa kidole: tunatoka hapa, tunapinda kushoto, tunavuka hiki, tunasimama pale. Kama hamkubaliani, ndege isisogee hata kidogo. Nalisisitiza hili kwa sababu kurudia kwa mdomo peke yake hakutoshi. Tarehe 2 Januari 2024, kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa iende mpaka pahala pa kusubiri. Maneno yalirudiwa sawasawa, na bado iliingia kwenye njia ambayo Airbus ya abiria ilikuwa inatua. Watu 5 kati ya 6 wa ndege ile ndogo walifariki. Kwenye Airbus wote 379 walitoka hai.

Mkishaanza kutembea, mmoja awe na macho nje muda wote. Yule wa ramani ainamishe kichwa kidogo tu, na asiinamishe kabisa mnapokaribia makutano. Orodha za ukaguzi zisubiri. Mazungumzo ya mshahara na ya nyumbani yasubiri nayo. Kishikwambi chenye alama ya ndege inayosogea kwenye ramani ni msaada mzuri, ila usikiamini kuliko kibao unachokiona kwa macho yako.

Vibao vyenyewe vijue kama unavyoijua Fatiha. Kibao cheusi chenye maandishi ya njano kinakwambia uko kiungio gani sasa. Cha njano chenye maandishi meusi kinakuelekeza viungio vingine viko upande gani. Chekundu chenye maandishi meupe ni amri: mbele yako kuna njia ya kurukia, au pahala pasipoingiwa bila ruhusa. Chini yake, kwenye lami, kuna mistari minne ya njano iliyokata kiungio, miwili mizima na miwili ya vipande vipande. Ukikutana na ile mizima kwanza, simama. Gurudumu lisiiguse mpaka usikie ruhusa kwa masikio yako. Ukikutana na vipande kwanza, maana yake unatoka njiani, basi ivuke yote ndege imalizike kutoka, usiache mkia nyuma.

Mkishaingia kwenye njia ya kurukia, tazama dira kabla ya kusukuma injini. Namba ya njia ndiyo mwelekeo wake, umeondolewa sifuri ya mwisho: kwenye 21 dira isome karibu na 210. Lexington, Kentucky, alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006, ndege iliyopewa njia ya 22 iliingia ya 26, iliyokuwa fupi mno kwake. Wakafa watu 49 kati ya 50. Tofauti ilikuwa digrii arubaini, na dira ilikuwa mbele ya macho yao.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo Johannesburg inapokuhusu. Njia zikiwa sambamba, dira haikutoshi. Taipei, tarehe 31 Oktoba 2000, usiku wa mvua na upepo wa tufani, ndege ya Singapore Airlines ilipewa 05 ya kushoto ikaingia 05 ya kulia, iliyokuwa imefungwa kwa ujenzi. Dira ilisoma sawa kabisa! Ikagonga mitambo ya ujenzi, na katika watu 179 walifariki 83. Kwa hiyo kwenye njia pacha soma herufi iliyoandikwa pamoja na namba, L ya kushoto au R ya kulia, tazama taa za pembeni kama ni zile unazozitegemea, na kama njia ina mtambo wa redio wa kuongoza kutua, uweke masafa yake: ukiwa katikati ya njia sahihi, mshale wa mtambo huo nao utakaa katikati.

Nije kwenye haya zako. Mwanangu, mnarani tunaijua sauti ya rubani asiyejua alipo. Hujibu polepole, husema "sawa" pasipohitaji sawa, kisha hunyamaza. Ukimya ule ndio unaomtoa jasho muongoza ndege, si swali lako. Milano, kiwanja cha Linate, tarehe 8 Oktoba 2001, ukungu umetanda na rada ya ardhini haifanyi kazi, Cessna ndogo ya jeti iliambiwa ifuate kiungio R5 ikafuata R6. Rubani alitaja alama ya S4, ambayo haikuwa kwenye ramani na mnara haukuijua. Mnarani hawakuuliza S4 ni wapi, naye hakuuliza kama wameelewana. Akaruhusiwa kuendelea, akaingia mbele ya ndege iliyokuwa inaruka. Wakafa watu 118. Kila nikilisoma tukio lile naona pahala ambapo swali moja, kutoka upande wowote, lingeokoa wote.

Basi uliza. Sema mapema kuwa wewe ni mgeni wa kiwanja na uombe maelekezo ya hatua kwa hatua. Utaambiwa pinda hapa, subiri pale, mpaka ufike. Pengine litakuja gari la kukuongoza. Na ukipotea hasa, kanuni ni hii: ukiwa na hakika hupo kwenye njia ya kurukia, simama pale pale, uwaarifu mnarani. Ukiwa na shaka kwamba huenda upo juu yake, waarifu papo hapo, utoke kwa kiungio cha karibu ukikiona, halafu ndipo usimame. Nyuma yako patakuwa na foleni na mtu atanung'unika redioni. Mwache anung'unike.

SWALI: Bi Mkubwa, nilipokuwa naenda Pemba ndege yetu ndogo ilisimama karibu na njia ya kurukia dakika kadhaa baada ya jeti kubwa kuondoka. Mbele hapakuwa na kitu. Ilikuwa mbovu?
Abiria wa Kiembesamaki

JIBU: Haikuwa mbovu, ndugu yangu. Jeti kubwa ikiruka huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu, na wewe huioni. Ndege ndogo husubirishwa dakika mbili, na hufika tatu ikiwa inaanzia katikati ya njia, mpaka hewa hiyo itulie.