Mazuku: Pepo au Gesi?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi na shemeji yangu tumebishana kuhusu mazuku, yeye anasema ni pepo wabaya, mimi nasema ni gesi. Kwa nini huua mbuzi na watoto, ilhali mtu mzima aliyesimama hapohapo husalimika? – Msomaji, Goma

Jibu: Ndugu msomaji, ni gesi. Kaboni dioksidi hupanda kupitia nyufa za miamba ya volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa takriban mara moja na nusu, hutuama mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mbuzi na mtoto hupumulia ndani ya dimbwi hilo. Kichwa cha mtu mzima huwa juu yake, lakini akiinama kumwokoa mtoto, naye huanguka. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo simlaumu shemeji yako kwa hofu yake.

Wengine hupima kwa taa ya mafuta. Ikizimika, ondokeni mara moja. Isipozimika, msijiaminishe, maana gesi hiyo ikifikia sehemu 10 kwa 100 za hewa humpotezea mtu fahamu katika dakika chache, na mwali waweza kuwa bado unawaka.