Maswali na Majibu: Mada ya Nyuklia na Namba Zake

Mada ya nyuklia inapatikana wapi?

Kwa umbo lake kamili, haipo popote. Ni bahari ya kufikirika ya protoni na nyutroni (chembe zinazounda kiini cha atomu), isiyo na ukingo, iliyoondolewa msukumano wa umeme ili ibaki nguvu ya nyuklia peke yake. Hutulia kwenye chembe 0.16 kwa kila femtomita ya ujazo (femtomita ni milimita iliyogawanywa mara trilioni moja), kila chembe ikiwa imefungwa kwa nishati ya MeV 16 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Kijiko cha chai chake kingezidi tani bilioni moja.

Modeli zote hufikia namba hizo?

Hapana, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Mwaka 1970 mwanafizikia Fritz Coester na wenzake walipiga hesabu kwa nguvu mbalimbali za chembe mbili mbili. Majibu hayakutawanyika ovyo, yalijipanga karibu na mstari mmoja: penye mfungo mkubwa, na msongamano mkubwa. Lakini mstari wenyewe unapita kando ya jibu la kweli! Ukibadilisha nguvu, unateleza tu juu yake. Leo tunajua kuwa nguvu inayozuka chembe tatu zikiwa pamoja haiachiki nje ya hesabu. Kwa hiyo mtu akiniambia modeli kumi zinakubaliana, humuuliza kwanza zote zimeacha nini.

Kwa nini nishati ya ulinganifu na mteremko wake hupanda pamoja?

Nishati ya ulinganifu ni gharama ya nishati ya nyutroni kuzidi protoni, na mteremko wake ni kasi ya gharama hiyo kupanda msongamano unapoongezeka. Uzito wa viini tulivyovipima huibana vizuri nishati hiyo kwenye msongamano wa chembe 0.1 hivi, kwa sababu pembezoni mwa kiini chembe ni haba. Ni kamba iliyofungwa kwenye kigingi kimoja: ukiinua ncha ya pili, kwenye 0.16, mteremko nao unakuwa mkali.

Mteremko huo unapimika?

Shika chubwi la mvuvi, lile la madini ya risasi. Zaidi ya nusu ya atomu zake ni risasi-208, yenye protoni 82 na nyutroni 126. Nyutroni za ziada hujitokeza nje kama ngozi, na mteremko ukiwa mkali ngozi hunenepa. Mwaka 2021 maabara ya Jefferson, Marekani, ilitangaza unene wa ngozi wa femtomita 0.28 kwa risasi. Mwaka uliofuata kalsiamu-48 ikatoa 0.12 tu. Modeli chache mno hutoa zote mbili kwa pamoja.