Majibu ya Kompyuta: Kuihama Windows 10

Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo na bado zinafanya kazi vilevile, ila tundu lolote la usalama linalogunduliwa baada ya hapo halizibwi tena ila kwa aliyejiandikisha kupata masasisho ya ziada. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa kuwa yaliyomo yanawagusa wengi.

SWALI: Wahariri, salaam aleikum. Nasomesha sekondari upande wa Likoni. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM GB 8, SSD GB 256, niliinunua ikiwa imeshatumika. Windows 11 inaikataa. Fundi mmoja asema ataiingiza kwa njia za panya, na kijana wa jirani asema niweke Linux. Mitihani yangu ya miaka yote na alama za wanafunzi zimo humu humu. Nimsikilize nani? – Mwalimu, Likoni

JIBU: Aleikum salaam, Mwalimu. Msikilize kijana, lakini asiiguse laptopu mpaka mitihani hiyo iwe na nakala mahali pengine.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijisehemu kinachotunza funguo za usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-6300U ni ya 6, i5-8250U ni ya 8, i5-1135G7 ni ya 11. Ukaguzi huo unaweza kurukwa, na hicho ndicho fundi anachokusudia. Lakini mashine iliyopitishwa hivyo haina ahadi ya masasisho kutoka Microsoft, na sasisho kubwa likigoma utarudi kwa fundi na mkoba wako. Laptopu yenyewe haina ubovu. Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, huridhika na RAM ya GB 2, na kwa GB 4 inakwenda vizuri. Wewe una 8 na SSD juu yake.

Tungechagua Mint 22, toleo la Cinnamon. Menyu iko chini kushoto, pale pale mkono ulipozoea, na masasisho yake yataendelea hadi 2029. Kuna mifumo mingine mizuri ya Linux, ila kwa mtu anayetoka Windows na mwenye kazi za kusahihisha, hii ndiyo isiyomsumbua.

Anza na nakala. Tafuta diski ya nje kutoka duka linalokupa risiti. Zile flashi za bei ya kutupa zinazodai GB 512 mara nyingi zimedanganywa ndani: zinapokea faili zote bila kulalamika, kisha ukizifungua nusu yake ni takataka. Programu ndogo ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, na huo udanganyifu hutoka nje. Nakili Documents, Desktop, Downloads na Pictures, kisha fungua faili kadhaa kutoka kwenye diski hiyo ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Kuona majina ya faili si ithibati kwamba zinafunguka.

Mtego mkubwa ni OneDrive, ghala la Microsoft la kuhifadhi faili mtandaoni. Tazama kando ya jina la kila faili: ikiwa pana picha ndogo ya wingu, faili hiyo haimo kwenye laptopu, imo kwenye mtandao na unachokiona ni kivuli chake. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", ungoje alama zote zigeuke kuwa tiki ya kijani, ndipo unakili. Nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza nazo zitoe au uziunganishe na akaunti yako, maana zinasahaulika mpaka siku ya kuzitaka.

Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data yote ya diski. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, hifadhi ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kisha uizime na uache diski ifunguke yote. Ukipuuza hili, waweza kuwasha Windows siku ya pili ukakuta skrini ya buluu inakudai ufunguo ambao hujawahi kuuona.

Hatua inayofuata wengi wanairuka, na kwa mwalimu ndiyo muhimu kuliko zote. Ukiwa bado ndani ya Windows, weka LibreOffice, mbadala wa bure wa Word na Excel, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye Mint, na ufanyie kazi zako za kweli kwa wiki mbili. Fungua mitihani ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Maandishi ya kawaida hayana taabu: Mint isipokuwa na Calibri hutumia Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haisogei. Panapoharibika ni kwenye masanduku ya maandishi yaliyowekwa juu ya michoro, fomula zilizoandikwa kwa programu za kuongeza kwenye Word, na majedwali ya alama yenye makro za Excel, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe. Makro ndogo hupita, zile ndefu hugoma katikati. Ikiwa jedwali la shule nzima linategemea makro, au unajaza ritani ya iTax kwa faili ya Excel yenye makro, bakisha Windows kando.

Kwa sababu hiyo tungekushauri uweke mifumo miwili kwa muhula mmoja kabla ya kuifuta Windows kabisa. Nafasi unayo. Ndani ya Windows fungua Disk Management, bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua "Shrink Volume", uondoe GB 80. Acha nafasi hiyo tupu, usiipe jina wala herufi. Ni salama kuipunguza sehemu ya Windows kwa chombo cha Windows chenyewe kuliko kumwachia mgeni.

Sasa flashi ya kuwekea, GB 8 au zaidi, na chochote kilichomo kitafutwa. Faili ya ISO ya Mint, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, ina takriban GB 3, kwa hiyo pakua penye Wi-Fi, si kwa bando la simu. Faili iliyokatika njiani huleta makosa ya ajabu katikati ya kazi, basi ihakiki kwanza: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe mfuatano unaotoka na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Halafu tumia Rufus kuiandika kwenye flashi. Itakapokuuliza, bakia na namna ya ISO. Ikiwa laptopu haiioni flashi, rudia kwa namna ya DD.

Zima laptopu, iwashe huku ukigonga F9 mfululizo, uchague flashi. (Dell na Lenovo hutumia F12.) Mint itafunguka ikiwa juu ya flashi bila kugusa diski. Itakuwa nzito, lakini uzito huo ni wa flashi. Hapa jaribu kila kitu: Wi-Fi, sauti, kamera, mwangaza wa skrini, kufunga kifuniko na kukifungua, printa, na projekta ya shuleni kama waweza kuifikia. Kadi za Wi-Fi za Intel hujitambulisha zenyewe. Za Broadcom mara nyingi hazionekani. Unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe data kwa waya huohuo, ufungue Driver Manager, na ikishapakua draiva Wi-Fi inaamka.

Ukiridhika, chomeka chaja, hakikisha na betri imejaa, ndipo ubofye "Install Linux Mint". Stima ikipotea wakati diski inagawanywa hasara ni kubwa, na mwenye kompyuta ya mezani asianze bila UPS. Weka tiki kwenye "multimedia codecs" ili video zicheze. Chagua "Install alongside", na kabla ya kukubali soma ukubwa wa diski inayotajwa. Ya kwako ni ya GB 256, flashi ni ndogo. Neno "Erase disk" lina maana hiyo hiyo linayoisema. Ikiwa mtu mwingine anayesoma hapa anaona kisakinishi hakioni diski yoyote, BIOS yake (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows) imeiweka diski kwenye namna ya RAID au Intel RST. Inapasa iwe AHCI, lakini ukibadilisha ghafla Windows haitawaka. Iamuru kwanza Windows iwake kwa Safe Mode, ubadilishe, uiwashe mara moja hivyo, kisha uirudishe kawaida.

Ikishaingia, fungua Update Manager umalize masasisho yote, halafu upange Timeshift. Timeshift hurudisha mfumo ukiharibika. Mitihani yako haiihifadhi, kwa hiyo ile diski ya nje usimpe mtu.

SWALI: Nimeweka Windows na Mint pamoja. Kila nikitoka Mint kurudi Windows saa inarudi nyuma: saa nane mchana laptopu inaniambia saa tano asubuhi. Narekebisha, kesho yake yale yale. Betri ya ndani imekufa? – Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Betri ni nzima. Kwenye bodi ya kompyuta mna saa moja, na mifumo yako miwili inaisoma kwa namna mbili. Linux huiandika kwa UTC, saa ya kimataifa, na kuongeza tatu inapokuonyesha, maana Kenya iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Windows huisoma kana kwamba ni saa ya Mombasa tayari. Tofauti yako ni saa tatu kamili, na hilo ndilo linaloonyesha chanzo. Ingia Mint, fungua Terminal, uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Kisha ingia Windows uirekebishe saa mara ya mwisho. Mint itakuonya kwamba mpangilio huu haupendezi; kwa nchi isiyobadilisha saa mara mbili kwa mwaka, onyo hilo halikuhusu sana. Betri ikifa dalili zake ni nyingine: laptopu inakupeleka miaka nyuma kila ikikosa umeme, na tovuti zinakataa kufunguka kwa kisingizio cha vyeti vya usalama. Kwenye kompyuta za mezani betri hiyo ni CR2032, ile ya duara, na maduka mengi ya vifaa vya umeme yanayo.

SWALI: Nikiwa Mint faili za Windows naziona na kuzisoma, ila nikitaka kuhifadhi kitu huko nakataliwa. – Msomaji, Kongowea

JIBU: Windows yako haizimiki kikweli. Ina kitu kiitwacho Fast Startup, kinachoilaza nusu ili iwake upesi kesho, na Linux ikiona diski imeachwa hivyo huifungua kwa kusoma tu ili isiiharibu. Ukiwa Windows, Command Prompt ya msimamizi, andika powercfg /h off, kisha uzime. Tatizo likiendelea, huenda stima ilikatika Windows ikiwa inaandika. Endesha chkdsk C: /f humo humo Windows, ukubali ifanye kazi itakapowaka tena. Usiilazimishe diski kutoka upande wa Linux.

SWALI: Nina duka la leso Biashara Street. Kompyuta ya kaunta ina programu ya hesabu, printa ya risiti na kisomaji cha baa kodi. Mwanangu ataka kuiwekea Linux kabla mwaka haujaisha. Nimruhusu? – Bi mwenye duka

JIBU: La, Bi, si hiyo ya kaunta. Kisomaji cha baa kodi hakina shida, kwa Linux ni kama kibodi tu. Printa ya risiti huenda ikakubali. Programu ya hesabu ndiyo kikwazo: iliandikwa kwa Windows, na kuiendesha ndani ya Wine, chombo cha kuendeshea programu za Windows juu ya Linux, ni kubahatisha, hasa ikiwa leseni yake imefungwa kwenye kidude cha USB. Kama ndiyo inayotuma ankara za kodi za eTIMS kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, basi kuijaribia dukani saa za kazi ni kujitafutia maneno.

Muulize aliyekuuzia programu mambo mawili: ina toleo la kutumia kwa brauza, na je, data yako inaweza kutolewa kwa CSV au Excel? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, kuhama kunawezekana na mwanao apewe kazi. Akisita kwa la pili, hilo ni tatizo kuliko Windows 10 yenyewe.

Wakati unangoja, masasisho ya ziada yapo. Kwa kompyuta za nyumbani yanaendelea hadi 13 Oktoba 2026, bure ukikubali mipangilio ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Kwa mashine za afisi ni dola 61 kila moja mwaka wa kwanza, na bei inapanda maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu, kwa hiyo ukifika wa pili hesabu huanza kuelekea kununua kompyuta nyingine. Kwa sasa kompyuta ya kaunta isitumike kwa barua pepe, WhatsApp wala flashi za wateja wanaotaka kuchapishiwa. Mwanao aanze na laptopu ya nyumbani, huko akikosea hakuna foleni.

SWALI: Nimetoka Windows nikanunua MacBook iliyotumika. Diski yangu ya nje inafunguka, lakini hainiruhusu kuongeza chochote. – Msomaji, Nyali

JIBU: Diski hiyo imepangwa kwa NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, ambao macOS, mfumo wa MacBook yako, huusoma bila kuuandikia. Hamisha vyote vilivyomo kwenye kompyuta nyingine, kisha fungua Disk Utility, chagua Erase, namna ya exFAT, na mpango wa "GUID Partition Map". Hapo itaandikika kwa Mac, Windows na Linux. Ila exFAT haivumilii kuchomolewa ghafla, kwa hiyo bofya Eject kila mara kabla ya kuvuta waya.